Mtoto Akifikishwa Dharura Anahitaji Daktari, Siyo PF3

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi kwenye kongamano la vijana wa chama. Wengi mliniomba niyaweke kwa maandishi. Nimepunguza salamu tu, mengine nimeyaacha kama nilivyoyatamka. Yanahusu watoto waliojaribu kujidhuru, kwa hiyo kama una mzigo moyoni soma taratibu. Namba ya msaada iko mwishoni.



Nimepangiwa mada ya vijana na haki ya afya. Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Dada, una dakika ishirini, na tafadhali usituletee vifungu vitupu." Basi vifungu vitakuja, maana ndiyo ninachosomea, ila naanza na usiku mmoja.

Mama yangu mdogo ana binti. Wakati huo alikuwa na miaka 14, kidato cha pili. Jina silitaji, na mkoa siutaji. Nimemuomba ruhusa yeye mwenyewe na mama yake, wote wawili wamenikubalia, na yeye aliongeza: "Sema, dada, lakini usinilize mbele za watu." Nitajitahidi.

Usiku huo tulimkuta chumbani amekunywa kitu. Hatukujua ni kiasi gani. Tulikodi bajaji, mimi nimempakata, mama mdogo anaomba Mungu kwa sauti njia nzima. Tukafika hospitali, mlango wa dharura. Nesi aliyekuwa mapokezi akamtazama mtoto, akatutazama sisi, swali lake la kwanza likawa: "Amekunywa mwenyewe? Kwa kukusudia?" La pili: "PF3 mnayo?"

Kwa asiyejua, PF3 ni ile fomu ya polisi. Ukichomwa kisu, ukigongwa, ukipigwa, unaanzia kituoni unachukua fomu, ndiyo unakwenda kutibiwa. Kila mmoja humu ndani ana ndugu aliyewahi kuzungushwa na hiyo karatasi.

Sasa mama mdogo si mwanasheria, ni mama lishe. Lakini mtaani kila mtu anajua kwamba mtu aliyejaribu kujiua ana kesi. Nikamuona anavyobadilika uso. Akasema, "Hapana sista, ni bahati mbaya. Alidhani ni maji." Nesi akanigeukia mimi. Mimi, mwanafunzi wa sheria, nikaitikia: "Ndiyo sista. Bahati mbaya."

Nesi akashusha pumzi. Nadhani hata yeye alikuwa anatuombea tuseme hivyo. Akaandika. Mtoto akaingizwa ndani, akatibiwa, na nawashukuru waliomtibu, walifanya kazi yao ya mwili vizuri sana. Asubuhi ya pili daktari akapita na faili. Kwenye faili imeandikwa alikunywa kwa bahati mbaya. Mtu aliyekunywa kwa bahati mbaya ana shida gani tena? Hana. Tukapewa dawa za tumbo, tukaambiwa tuwe tunaweka vitu mbali na watoto, tukaruhusiwa.

Jamani, siku mbili wodini, hakuna mtu hata mmoja aliyemuuliza yule mtoto: kwa nini? Na hakuna wa kumlaumu, maana sisi wenyewe tulikuwa tumeshafunga hilo swali pale mapokezi. Tulidanganya ili atibiwe, na ule uongo ndio uliomnyima matibabu.

Baada ya miezi mitano tulirudi mlango uleule.

Nitawaeleza usiku wa pili ulivyokuwa, lakini kwanza tuulizane: uongo ule ulitoka wapi? Mama mdogo si mwongo. Na mimi, nadhani, si mwongo. Ulitoka kwenye sheria.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, kifungu cha 217, inasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Adhabu haikutajwa humo, kwa hiyo unarudi kifungu cha jumla cha makosa madogo: kifungo kisichozidi miaka miwili, au faini, au vyote. Mtu atasema, hiyo ni kwa watu wazima. Hapana. Kifungu cha 15 kinasema asiye na miaka 10 hawezi kuwajibika kwa jinai. Wa 10 hadi chini ya 12 anawajibika tu ikithibitishwa alikuwa na uwezo wa kuelewa anachofanya. Kuanzia 12, hakuna kinga hiyo tena. Yaani mtoto wa darasa la saba aliyechoka na maisha, kwa macho ya sheria yetu, ni mtuhumiwa. Atapelekwa Mahakama ya Watoto badala ya mahakama ya kawaida, lakini ni mtuhumiwa.

Nataka niwe mkweli, maana sisi tunaodai ukweli kwa wengine lazima tuanze nao. Sijasikia watoto wakijazana mahakamani kwa kifungu hiki. Rafiki yangu mmoja darasani aliniambia, "Sasa unapigia kelele kifungu kilicholala?" Nikamjibu, hakijalala, kipo zamu kila usiku pale mapokezi. Hakihitaji hakimu ili kifanye kazi. Kinafanya kazi mama anapoogopa kusema kweli. Kinafanya kazi nesi anapoomba fomu ya polisi kabla ya kupima mapigo ya moyo, kwa sababu Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka mwenye taarifa ya kosa aitoe, na yeye hataki kesho kuitwa kujieleza. Kinafanya kazi daktari anapoandika neno "bahati mbaya" akijua si kweli, kwa huruma tu. Na baadaye wataalamu wanapofungua mafaili kutafuta ni watoto wangapi wamejidhuru mwaka huu, wanakuta bahati mbaya, bahati mbaya, bahati mbaya. Serikali inaambiwa tatizo ni dogo, na tatizo dogo halipewi bajeti.

Na sheria hii si ya mababu zetu. Tuliirithi kwa Mwingereza. Mwingereza mwenyewe aliifuta kwake mwaka 1961. Mwaka 1961! Mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, wao walijiondolea mzigo huu, sisi tukabaki nao. Zaidi ya miaka 60 tumebadilisha bendera, wimbo, fedha, mfumo wa vyama, lakini mtoto mwenye huzuni bado tunamtazama kwa jicho la mkoloni.

Tuje kwenye hospitali yenyewe. Hapa pia nataka tuseme haki. Tusizunguke mtaani tukidai hakuna kilichofanyika. Mwaka 2010 Muhimbili ilifunguliwa idara kamili ya dharura, ya kwanza ya aina yake katika hospitali ya umma nchini, na madaktari wetu wakaanza kusomea ubingwa wa tiba ya dharura hapahapa nyumbani. Halafu ule mkopo wa IMF wa 2021, zile trilioni 1.3 za UVIKO-19, sehemu yake ilijenga majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali nyingi. Ukipita wilayani unaona jengo limeandikwa EMD, zuri, lina vigae. Tumelipia sisi na tutaendelea kulilipia.

Swali langu ni moja tu: ndani ya hilo jengo, saa nane usiku, nani anajua la kufanya mtoto akiletwa mwili mzima lakini roho imevunjika?

Nimesoma jinsi wahudumu wanavyofundishwa kupanga watoto wanaofika kwa dharura. Mwongozo wa WHO unaangalia njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu, kupoteza fahamu, degedege, upungufu wa maji mwilini. Ni mwongozo mzuri, umeokoa watoto wengi, na mimi siugusi. Lakini chukua mtoto wa miaka 13 anayepumua vizuri, hana homa, amekaa kwenye benchi ametulia, haongei na mtu. Kwa mpangilio huo anaweza kusubiri. Na anasubiri. Saa tatu, saa nne. Mara anamwambia mama, "Twende tu nyumbani, nimepoa." Wanaondoka. Yule ndiye aliyekuwa hatarini kuliko wote kwenye lile benchi, na hakuna mashine ya kumuona.

WHO wanasema nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla mtu hajafika miaka 18. Wanasema pia kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29 duniani. Miaka 15 hadi 29, jamani, hao ndio sisi tuliomo humu ukumbini, na wadogo zetu wanaokuja nyuma yetu. Nchi hii sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na karibu nusu ni watoto. Madaktari bingwa wa akili tulionao ni wachache mno, na wengi wako miji mikubwa. Mirembe iko Dodoma. Mtoto wa Kakonko au Newala utampeleka Mirembe kwa bajaji?

Ndiyo maana nasema dharura. Huwezi kumuweka bingwa wa akili kila wilaya kesho asubuhi, hata sisi tukishika dola hatutaweza, na anayewaahidi hivyo anawadanganya. Lakini mlango wa dharura upo tayari, uko wazi saa ishirini na nne, na mtoto analetwa pale na watu wanaompenda. Ule usiku anaoletwa ndio usiku ambao familia nzima iko macho, imejaa hofu, iko tayari kusikiliza. Tukiupoteza huo, kesho yake nyumbani kila mtu anajifanya hakikutokea kitu.

Sasa usiku wa pili.

Nilishawaambia, tulirudi baada ya miezi mitano. Safari hii mama mdogo alikuwa ameshaandaa uongo wake njiani. Tukaandikishwa vilevile, bahati mbaya. Lakini zamu ile alikuwepo daktari kijana, wa mafunzo kwa vitendo, intern tunawaita, hata koti lake lilikuwa kubwa kumzidi. Baada ya mtoto kutulia, akavuta pazia. Akamwambia mama mdogo, "Mama, naomba ukapumzike kidogo pale nje, mimi nipo naye." Mimi akaniacha kwa sababu mtoto alikuwa amenishika mkono. Akavuta kiti, akakaa chini usawa wake, akamwambia: "Mdogo wangu, hapa hakuna polisi. Hakuna anayekugombeza. Nataka nikuulize, ulikuwa unataka kufa?"

Mimi nilishtuka. Nikajiambia, huyu daktari vipi, anampa mtoto mawazo mabaya?

Mtoto akalia. Alilia kwa muda mrefu, halafu akaanza kuongea. Alichosema si changu kukisimulia, na hata kwenye hotuba hii hakimo. Nawaambia tu kwamba kilikuwa ni kitu ambacho mtu mzima mmoja angekijua mapema, kingeondolewa. Maongezi yale hayakufika nusu saa.

Kabla hatujaondoka yule daktari alifanya mambo matatu. Alikaa na mama mdogo akamweleza kwa lugha ya nyumbani nini cha kuondoa ndani, dalili zipi aangalie, na asimwache peke yake siku zile za mwanzo. Alimuita afisa ustawi wa jamii wa hospitali asubuhi akamkabidhi. Na alichukua namba ya simu. Wiki iliyofuata alipiga. Wiki mbili baadaye akapiga tena, kwa vocha yake.

Yule mtoto leo ana miaka 17. Anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Hisabati zinamtesa kama zilivyonitesa mimi.

Mnaona? Hospitali ileile, kitanda kilekile, dawa zilezile. Usiku wa kwanza tulitoka na panadol na usiku wa pili tulitoka na mtoto. Tofauti ni nani alikuwa zamu. Na mimi hiyo tofauti ndiyo inayonikera mpaka nasimama hapa, kwa sababu haki ya mtoto kuishi haiwezi kutegemea bahati ya ratiba ya zamu. Kitu ambacho daktari mmoja mwema anafanya kwa hiari yake na vocha yake, kinatakiwa kiwe utaratibu ambao kila mhudumu anaufuata hata kama siku hiyo amechoka na hana hali.

Baadaye nikatafuta kusoma, nikajua kumbe alichofanya kina ushahidi. Kuuliza wazi hakumpi mtu wazo la kujiua, WHO wanasema hivyo, na wengi wanapata ahueni kwa kuulizwa. Marekani, taasisi yao ya taifa ya afya ya akili ilitengeneza maswali manne mafupi kwa ajili ya watoto na vijana wanaofika idara za dharura. Manne tu. Kuyauliza ni kama sekunde 20.

Na zile simu? WHO walifanya utafiti Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China, matokeo yakatolewa mwaka 2008. Waliwachukua watu 1,867 waliofikishwa idara za dharura baada ya kujaribu kujiua. Nusu wakapewa huduma ya kawaida. Nusu wakapewa maongezi ya takriban saa moja kabla ya kuruhusiwa, halafu wakawa wanafuatiliwa kwa simu au kutembelewa, mara tisa ndani ya miezi 18. Mwishoni, waliokufa kwa kujiua katika kundi la kawaida walikuwa asilimia 2.2. Katika kundi lililofuatiliwa, asilimia 0.2. Utafiti ule haukuwa wa watoto peke yao, nalisema hilo. Lakini dawa yenyewe ilikuwa nini? Maongezi na simu. Nchi inayonunua mashangingi ya viongozi kila mwaka haiwezi kuniambia haina vocha ya kumpigia mtoto mara tisa.

Sasa hatua ya kisheria. Majirani zetu Kenya walikuwa na kifungu kama chetu, kifungu cha 226 cha Kanuni yao ya Adhabu, kilitoka kwa mkoloni yuleyule. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Waliokwenda mahakamani walikuwa tume yao ya haki za binadamu, chama cha madaktari wa akili, na mwanaharakati mmoja. Ghana waliifuta ya kwao bungeni mwaka 2023. Malaysia, 2023. Pakistan, 2022. Hizi si nchi za Ulaya, na nyingine ni nchi za dini kuliko sisi.

Mtaniuliza, basi wewe mwanasheria mtarajiwa, kwa nini usiende mahakamani kama Wakenya? Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu mtoto wa kike kuozwa, akashinda, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikamuunga mkono. Yeye hakuwa mtoto aliyeozwa. Alikwenda kwa niaba ya wengine, na sheria ilimruhusu.

Mwaka 2020 Bunge likabadilisha sheria inayosimamia kesi za haki za msingi. Kwa mabadiliko hayo, anayefungua kesi alitakiwa aape kwa kiapo aeleze yeye binafsi ameathirika vipi. Tafakarini hilo kwa kifungu cha 217. Nani ameathirika binafsi? Ni aliyejaribu kujiua. Kwa hiyo ili akipinge kifungu, ilibidi asimame mbele ya mahakama akiri kwa kiapo kwamba ametenda kosa lililomo kwenye kifungu hichohicho. Na kama ni mtoto, mzazi wake amsimamie kufanya hivyo. Mama lishe wa kwetu, aliyeogopa kumwambia nesi ukweli, akamwambie Jaji?

Ndiyo maana tunaposema Katiba Mpya, watu wasidhani tunazungumzia nani awe na madaraka gani tu. Katiba ya Kenya, ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Katiba yetu, haki ya kusaidiwa wakati wa maradhi imetajwa ibara ya 11, lakini ibara ya 7 inasema sehemu hiyo mahakama haiwezi kuisimamia. Yaani imeandikwa, ila usiiulize. Mtoto kwenye kitanda cha dharura ni suala la Katiba Mpya kama ilivyo tume huru ya uchaguzi.

Najua maswali yenu, kwa sababu nimeulizwa hata nyumbani. Mjomba wangu ni mzee wa kanisa. Alisema, "Mkifuta hicho kifungu mtakuwa mmeruhusu watu wajiue." Nilimjibu kwa heshima: mjomba, dini itaendelea kusema ni dhambi, hakuna anayeigusa dini. Lakini mtu aliyefika mahali pa kutaka kufa haogopi miaka miwili ya jela. Anayeogopa jela ni mama yake, na hofu ya mama ndiyo inayochelewesha bajaji. Na kifungu cha 216, kinachomuadhibu anayemshawishi au kumsaidia mwingine kujiua, hicho kibaki. Hatusemi kifutwe.

Swali jingine: je, kama mtoto amefanyiwa ukatili na mtu, polisi wasijue? Wajue! Watoto wengine wanajidhuru kwa sababu kuna mtu mzima anawadhuru. Lakini polisi aje kumlinda mtoto, asiwe geti la kuingilia wodini. Na mfano tunao hapahapa: vile vituo vya Mkono kwa Mkono katika baadhi ya hospitali, ambapo daktari, ustawi wa jamii na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto wanamhudumia mtoto mahali pamoja. Mtoto anatibiwa kwanza, fomu zinajazwa kandokando yake. Tunaomba mlango huohuo kwa mtoto aliyejidhuru.

Kwa hiyo napendekeza kongamano hili litoke na madai manne, na yaingie kwenye ilani.

Moja, kifungu cha 217 kifutwe.

Mbili, iandikwe kwenye sheria, siyo kwenye tamko la waziri, kwamba mgonjwa wa dharura anatibiwa kwanza na PF3 haiwezi kuwa sharti la kutibiwa. Matamko tumeshayasikia mara nyingi. Tamko halina nguvu saa nane usiku.

Tatu, kila idara ya dharura iwe na utaratibu wa mtoto mwenye shida ya akili: sehemu yenye faragha hata kama ni pazia na viti viwili, mhudumu mmoja kila zamu aliyefundishwa kuuliza, afisa ustawi wa jamii anayeweza kuitwa, na simu ya kumfuatilia baada ya kuruhusiwa. Na sheria ya pazia: mtoto apate nafasi ya kuzungumza bila mzazi kusikia.

Nne, haki ya matibabu ya dharura iingie Katiba Mpya, sehemu ambayo mahakama inaweza kuisimamia.

Na sisi tusisubiri dola. Nawapa kazi ya nyumbani. Kila tawi la vijana liandike barua ya heshima kwa mganga mfawidhi wa hospitali ya wilaya yake, iulize maswali matatu: Mtoto aliyejidhuru akiletwa usiku bila PF3, anapokelewaje? Nani zamu hiyo amefundishwa kuzungumza naye? Akiruhusiwa, nani anamfuatilia? Msiende na bendera, msiende kupiga picha, na msimnyanyase nesi. Nesi wa usiku ule alikuwa mmoja, wagonjwa siwezi kuwahesabu. Majibu tuyakusanye, madiwani wetu wayabebe kwenye vikao vya halmashauri. Tukija kudai, tudai tukiwa na karatasi mkononi.

La mwisho linatuhusu sisi wenyewe, na najua halitapendwa. Mtandaoni mtu akitofautiana nasi tunamwandikia nini? "Wahi Mirembe." "Huyu vidonge vimeisha." Tunacheka, tunaweka emoji. Nimewahi kufanya hivyo na mimi. Siku moja mdogo wangu yule akaniuliza, "Dada, kwani mimi ni wa Mirembe?" Alikuwa amesoma maoni yangu mwenyewe. Sikuwa na jibu. Mtoto anayesoma tunavyowacheka wagonjwa hatakuja kutuambia anaumwa. Ataficha, na siku tutakapojua tutakuwa tumepanda bajaji. Hatuwezi kudai serikali imtibu kwa heshima huku sisi tumeshamfundisha kuona aibu.

Kama una mdogo wako nyumbani ambaye siku hizi amenyamaza kuliko kawaida, anagawa vitu vyake, anasema afadhali asingekuwepo, usimpe mawaidha. Kaa naye chini. Muulize. Msikilize mpaka mwisho. Na kuna namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure, mtoto anaweza kupiga mwenyewe na wewe unaweza kupiga kwa ajili yake. Iandikeni sasa hivi kwenye simu zenu, nawasubiri.

Mmeandika? Wa nyuma kule, mmeandika?

Basi. Mdogo wangu aliniambia nisimlize mbele za watu. Nimejitahidi. Nikimaliza hapa nampigia, maana Jumatatu ana mtihani wa majaribio wa hisabati, na nimemuahidi kumsaidia swali la pembetatu ambalo hata mimi silijui.